Mdomo wa Nyangi

Itiryo
6 Februari 1956

Kwa Bwana Simoni Nyamhanga, Mbalibali

Shikamoo. Sisi hapa tumeamka salama, na ninyi kama hamkuamka salama Shaaban atanieleza akirudi na lori lake la nguo, kwa hiyo niende kwenye neno lenyewe.

Picha unayo mkononi. Nimemwapisha Shaaban aisafirishe ikiwa imesimama, siyo imelazwa chini ya majora ya kanga, na kama aliilaza nitajua. Ulipokuja hapa kwetu kuitazama uliniuliza maswali yaliyoniudhi. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa mgeni na baba yangu alikuwapo. Leo nakujibu.

Uliuliza kama inaoshwa kwa sabuni. Haioshwi. Wewe ulikuwa askari, ulifika Bombay, ukaona picha zimetundikwa hotelini, ndivyo ulivyotueleza mpaka chai ikapoa. Zile ni za mafuta. Yangu ni udongo. Hiyo nyekundu ni ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi letu, nyeupe nimeichota mtoni, nyeusi ni masizi ya chungu cha mama yangu mwenyewe. Nimevichanganya na yai nikapaka juu ya ubao wa sanduku la chai. Ukitia sabuni utabaki na sanduku la chai.

Uliuliza tena kama yule mwanamke wa pichani ni mtu fulani au ni mwanamke tu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ni mama yangu, Nyangi, amekaa mlangoni anachambua ulezi. Nilimchora kwa kumbukumbu mwezi uleule tuliomzika. Hakupata kupigwa picha na mtu yeyote maishani mwake, kwa hiyo sura yake haipo mahali pengine duniani. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika majina ya maduka kule Tarime, na hiyo naweza kuifanya nikiwa nasinzia. Hii sikuifanya nikiwa nasinzia.

Utajiuliza kwa nini basi nimekubali kuiuza kwa mtamba wako. Baba yangu, mzee Wangwe, alipoiona mara ya kwanza aliinuka. Alichukua fimbo yake akaenda kuwaangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa. Tangu siku ile hakuingia tena chumba ilimokuwa. Uchungu ulimzidi. Siwezi kumtesa mzee wangu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuitunza si kazi. Ni udongo, na nyumba yako ni ya udongo. Itunze kama mnavyotunza ukuta wa nyumba yenu, basi. Mkeo anajua.

Mimi,
Nashoni Wangwe


Mbalibali
2 Machi 1956

Mwanangu Nashoni,

Marahaba. Barua yako nimeipata na ukali wake pia nimeupata. Mimi ni mtu mzima, sikasiriki na kijana mwenye mkono kama wako.

Mama yako nimempa nafasi ya heshima katika chumba cha mbele, ukutani, juu ya kiti changu. Watu wanakuja kumtazama mpaka sukari yangu inakwisha. Mwalimu wa dini alisimama mbele yake akavua kofia, halafu akakumbuka kwamba hayuko kanisani, akaivaa. Mke wangu Christina humsalimu kila asubuhi akifungua mlango. Nilimcheka, lakini juzi nilisikia mtu anasema shikamoo mama, na mtu huyo nilikuwa mimi. Jioni nikitoka machungani navua viatu na shati nakaa chini yake kupumzika, na nyumba inakuwa na utulivu ambao haikuwa nao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna neno moja tu. Unga mwekundu unaanguka kutoka kwenye picha. Nakaa na mabega masafi nainuka na mabega mekundu, kama ng'ombe aliyejikuna kwenye kichuguu. Ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Nimemuuliza Christina, amesema huo ni ukuta kama kuta nyingine, atashughulika nao wakati wake ukifika. Nilimsomea barua yako, akasema umeeleza vizuri.

Mtamba hajambo? Msalimu mzee.

Ni mimi,
Simoni Nyamhanga


Itiryo
19 Machi 1956

Bwana Simoni,

Shikamoo. Picha yangu haianguki. Inaangushwa. Mnabamiza mlango, au watu wako wa sukari wanaigusa kwa vidole, au umeitundika mahali jua linapoipata. Isogeze. Usiikung'ute, usiipanguse, na yeyote asiikaribie kwa kitambaa.

Tena haba na haba husemwa kwa kitu kinachoongezeka. Hiki chako kinapungua. Kama huna methali inayofaa, usitumie yoyote.

Mkeo, Mama Tomaso, mwambie aendelee kumsalimu. Hilo tu ndilo lililonifurahisha katika barua yako nzima.

Mtamba hajambo.

Nashoni Wangwe


Itiryo
20 Januari 1957

Bwana Simoni,

Shikamoo. Nimesikia kwamba mwanao Tomaso ametahiriwa Desemba na hakulia. Hongereni. Leo sikuandikii kwa ugomvi, ingawa najua hutaamini.

Baba yangu haoni vizuri tena. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. La kushoto limefunga kabisa, la kulia limebakiza upenyo wa pembeni, na mganga wa zahanati amesema hata huo hautafika masika ya mwakani. Juzi alikuwa amekaa uani akaniita, akaniambia, "Nataka kumwona mama yako kabla sijafunga." Nikamuuliza mara mbili, akasema hilohilo.

Sasa sura ya mama yangu iko kwako. Nakuomba uitoe kwa muda mfupi. Shaaban anapita Mbalibali kila mwezi, ataichukua na kuirudisha, na safari hii pia nitamwapisha. Najua ni mali yako. Siombi kuinunua tena. Naomba mzee amwone, hata kama itamuuma, maana ni yeye mwenyewe aliyetaka.

Nimeandika kwa upole nilio nao. Tafadhali usichelewe, upenyo ule ni mwembamba.

Mimi,
Nashoni


Mbalibali
11 Februari 1957

Mwanangu Nashoni,

Marahaba, na pole sana kwa macho ya mzee. Nimesikitika mno.

Kuhusu picha, mimi sina kipingamizi. Lakini fikiri mwenyewe, mvua za safari hii zimewahi, njia imekatika sehemu mbili, na kule kivukoni mto umefurika. Je, picha ya udongo ikilowa? Wewe mwenyewe ulinionya juu ya maji. Afadhali tungoje kiangazi. Subira yavuta heri.

Tena sasa hivi ukuta ule uko nyuma ya magunia ya mahindi, kuyahamisha ni kazi ya watu wengi. Na Shaaban, nisemee hapa tu, anapakia vibaya.

Mwambie mzee namsalimu na asikate tamaa. Penye nia pana njia.

Ni mimi,
Simoni Nyamhanga


Itiryo
15 Machi 1957

Simoni Nyamhanga,

Shikamoo, kwa sababu umri wako haujanikosea kitu. Ni wewe uliyenikosea.

Shaaban amefika jana. Njia haijakatika. Mto haujafurika, amevuka bila kulowesha hata kanga moja. Alilala kwako, akala kwako, akakaa katika chumba cha mbele na hakuona gunia hata moja la mahindi. Aliona picha. Amekuja amekaa hapa kwangu anakunywa uji, ananiambia kama mtu anayeleta habari njema: "Nashoni, mama yako anapendeza. Amekuwa mpya. Amenenepa kidogo mashavuni, na siku hizi mdomo wake uko wazi."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Mama yangu nilimchora mdomo umefungwa. Mama yangu nilimchora amekonda, kwa sababu mwaka wake wa mwisho alikonda. Nani amemfungua mdomo? Nani amemnenepesha? Umemwita mtu gani, umempa kibuyu gani cha pombe, akashika mkono wake wa uchafu akauweka usoni pa mama yangu?

Na wewe ulijua. Nilipokuomba kwa upole, upole ambao sijapata kuutumia kwa mtu mwingine, wewe ulijua, ukanijibu kwa mito na magunia. Mzee ananiuliza kila siku kama lori limefika. Usiniletee methali. Niambie kilichotendeka.

Nashoni Wangwe


Mbalibali
1 Aprili 1957

Nashoni,

Haya. Nakueleza bila methali, na utaona kwamba mimi pia nina hasira zangu.

Desemba, kabla Tomaso hajaenda kwenye tohara, wanawake waliiandaa nyumba. Huwezi kupokea kijana anayerudi akiwa mwanamume katika nyumba iliyopasukapasuka, wewe ni mtu wa huku, unajua. Wakakanda udongo, wakapaka kuta zote upya, nje na ndani. Mimi nilikuwa mnadani kuuza dume. Niliporudi jioni nyumba inanukia udongo mbichi, nikaingia chumba cha mbele, nikamwona mama yako amepakwa upya kama kuta nyingine. Aliyempaka ni mke wangu Christina.

Usifikiri nilicheka. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikataa chakula chake usiku ule na asubuhi yake. Nilimuuliza nani amekutuma. Naye akaenda chumbani akaleta barua yako ya kwanza, akaniambia nisome kwa sauti. Umeandika itunzwe kama tunavyotunza ukuta wa nyumba yetu. Umeandika mkeo anajua. Basi mke wangu anajua. Ukuta wa udongo hutunzwa kwa kupakwa kila mwaka. Je, kwenu Itiryo hutunzwa kwa kutazamwa?

Nilikuficha kwa sababu niliona aibu, hiyo nakubali. Lakini sikiliza, mura, kijana wangu. Nimechoka kutukanwa juu ya kitu nilichonunua. Nilitoa mtamba mzima, mwekundu, wa ng'ombe wangu bora, na tangu siku ile unaniandikia kama mchungaji uliyemwajiri. Nisiguse, nisipanguse, nisibamize mlango wa nyumba yangu. Unga ulipokuwa unaanguka nilikuambia, ukasema hauanguki. Ulitaka nini hasa? Nikae kimya nimwangalie mama yako akiishia mabegani mwangu?

Tena nitakuambia na hili ulichukie vizuri. Amependeza. Zamani alikuwa kama mtu anayengoja kuitwa. Sasa nikichelewa kurudi, nikifungua mlango tu, naona kama nimekamatwa.

Simoni Nyamhanga


Itiryo
13 Aprili 1957

Simoni,

Nilimaanisha mvua na moshi. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa kwamba namaanisha mvua na moshi. Unaambiwa utunze kitu, unakifuta?

Sikujua kwamba nauza sura ya mama yangu kwa nyumba isiyojua tofauti ya picha na bomba la moshi jikoni. Mkeo angetaka kupaka, kuta si zilikuwapo? Zizi si lilikuwapo? Mpaka-mavi na apake mavi, awaachie watu nyuso zao.

Nakuja kuichukua. Mtamba wako ana mimba, nitamleta kwa miguu yangu mwenyewe, ingawa ni safari ya siku nyingi, nitamfunga kwenye mti wako, nitachukua ubao wangu niondoke. Nitaukwangua nione kama chini amebaki hata jicho moja la mama yangu. Baba yangu nimemwambia lori limeharibika. Umenifanya mwongo kwa baba yangu kipofu.

Nashoni Wangwe


Mbalibali
Jumatatu ya Pasaka, 1957

Kwa Nashoni Wangwe,

Barua hii ameiandika mpaka-mavi kwa mkono wake mwenyewe. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, kwa hiyo usimtafute mtu aliyeniandikia.

Mama yako alikuwa anapaka nini kwenye ukuta wa Itiryo, asali? Ulikulia ndani ya mavi ya ng'ombe yaliyopakwa na Nyangi kwa viganja vyake, ukalala pakavu, mvua ikakupita. Kisha umejua kuchora, mavi yamekuwa tusi. Nimekasirika, Nashoni. Nimekasirika kuliko wewe, ila mimi nina watu wa kulisha, sina nafasi ya kuandika barua kila nikikasirika.

Sasa nikueleze nilichofanya, na ukimaliza kusoma utukane tena kama utaona inafaa. Mama yako alikuwa anaanguka. Siyo mabega ya Simoni tu. Shavu la kushoto liliondoka lote kwa kipande kimoja, mwezi wa kumi, nikalikuta kwenye kiti asubuhi nilipokuja kumsalimu. Yai lako lilikuwa limekauka likaachana na ubao. Sikulitupa shavu la mama yako pamoja na takataka. Nililiweka kwenye bakuli nikafunika. Na unga wote uliofuata niliufagia kwa mkono nikautia humo. Siku ya kupaka nililowesha ule udongo wako, nikautia samadi kidogo na utelezi wa mlenda unaoshika, nikamrudishia. Mashavu yamenenepa kwa sababu hiyo. Nyangi yumo mle, hakuna chembe yake niliyoipeleka nje.

Lakini kuna jambo moja ambalo Simoni hajakuambia kwa kuwa halijui. Nilipofika usoni nilisimama. Sura yake ilikuwa imekwenda, na mimi sikupata kumwona Nyangi hata siku moja. Nilitaka kumwacha bila uso. Nikaona haifai, kesho Tomaso anatahiriwa na kurudi, na mtu hawezi kupokewa na mwanamke asiye na uso. Mkono ukachora sura uliyokuwa unaijua. Nimemchora mama yangu, Agustina, aliyefariki mwaka wa njaa. Mama yangu naye hakupata kupigwa picha. Alikuwa mkali. Mdomo aliufunga kanisani tu, na huko napo si mara zote. Nimemfanya anamkemea mtu aliyemkanyagia ulezi wake.

Simoni hakumtambua. Angemtambuaje? Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na yeye alimkwepa mama yangu maisha yake yote kama desturi inavyotaka, akimwona njiani anaingia kichakani. Sasa kila jioni anakaa chini yake bila shati. Nimecheka peke yangu jikoni miezi hii yote, Mungu anisamehe.

Usije na ng'ombe. Picha nimempa Shaaban leo, imefungwa kanga mbili na imesimama. Mzee wako na amwone kwa jicho alilobakiza. Ukitaka kuikwangua, jua kwamba unamkwangua mama yangu ili umtafute wa kwako, na wa kwako hayuko chini, nimekwisha kukuambia alipo. Mzee akishaona, irudishwe. Namsalimu kila asubuhi na sasa nafungua mlango nakuta ukuta.

Christina, Mama Tomaso


Mbalibali
8 Julai 1957

Nashoni,

Miezi inapita na picha hairudi. Shaaban anakuja na kanga bila picha, nikimuuliza anatazama juu. Ilikuwa ya kuonwa na mzee, siyo ya kuhamia.

Zaidi ya hayo, Christina ameniambia. Alingoja mpaka wageni wamejaa, ndugu zangu wapo, mwalimu wa dini yupo, akaniambia nilikuwa nakaa chini ya nani. Nilitoka nje. Nimevua shati mbele ya mkwe wangu. Nimevua viatu. Siku moja nilikoroma pale, na mwalimu wa dini ni shahidi. Sijui wewe hasira zako unazitoa wapi, lakini mimi zangu zimenipata mahali ambapo sina mtu wa kumpiga.

Sasa sikiliza shida yangu. Picha ni yangu, niliinunua. Siwezi kuitundika katika chumba ninachokaa, haiwezekani. Siwezi kuiacha kwako, maana mke wangu haniandalii chai mpaka mama yake arudi. Nitamjengea kibanda? Nieleze wewe uliyeichora.

Jibu upesi. Leo siweki methali.

Simoni Nyamhanga


Itiryo
14 Septemba 1957

Kwa Mama Tomaso,

Sijakusamehe. Naandika hilo mwanzoni ili usisome barua yote ukilitafuta.

Shaaban aliifikisha ikiwa imesimama. Nilifungua kanga zako uani, nikamwona mwanamke nisiyemjua amefungua mdomo wake katika mlango wa mama yangu, juu ya ungo wa mama yangu. Nilikuwa na kisu mkononi cha kukatia kamba. Nilikiweka usoni pake, na ningekwangua, Mama Tomaso, barua yako ilikuwa mfukoni na ningekwangua. Baba alisikia lori, akaita kutoka ndani, "Amefika?" Sikuweza kujibu hapana.

Nilimweka mbele yake penye mwanga. Aligeuza kichwa pembeni kama kuku, ili aingize upenyo wake, akasogea mpaka pua ikagusa ubao. Akaanza kumshika kwa vidole. Nilimwambia asiguse, hakunisikia. Vidole vikapita kwenye ungo, vikapanda begani, vikafika mdomoni vikakaa. Halafu akasema, kwa Kikurya, kwa sauti ya mwanamume anayerudi kutoka kwenye pombe na hataki majirani wasikie, "Nimesikia, Nyangi. Nimesikia, nakuja." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika.

Niliumia sana. Nikamwambia, baba, huyo siye. Ni mama wa mtu wa Mbalibali. Akasema, "Najua siye. Lakini ananikemea kama yeye." Nikamuuliza, na yule wa kwanza, niliyemchora mimi? Akasema, "Yule sikumjua. Alikuwa mwanamke mpole, amekaa tu. Nilijiuliza ni mke wa nani. Nikatoka nje nisikuvunje moyo."

Umeelewa? Nilimuuzia mumeo picha ile nikidhani uchungu wa baba ulikuwa mkubwa mno. Alikwenda kuwaangalia ng'ombe kwa sababu aliona haya kuniambia kwamba simjui mama yangu. Sikusema naye kwa wiki nzima. Nimekukasirikia wewe, na Simoni, na yeye, na mimi mwenyewe kwa zamu, na zamu bado hazijaisha.

Nimejaribu kumchora upya na mdomo wazi. Siwezi. Mimi ni kitindamimba, na mimi peke yangu katika boma hili Nyangi hakupata kunikemea. Kaka zangu wananiambia alikuwa anasikika mpaka ng'ambo ya mto. Mimi nilimkuta ametulia, nikadhani huyo ndiye. Wewe ambaye hukumwona umempatia mdomo wake. Kwa hilo ndiyo maana sijakusamehe.

Baba jicho limefunga mwezi uliopita. Picha iko kitandani pake, imeegemezwa ukutani, anaishika mdomo kabla ya kulala na anajitetea kwake mambo ya miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Haitoi, na mimi sitaichukua mikononi mwake. Simoni mwambie kibanda hakihitajiki. Ng'ombe wake amezaa jike, aje awachukue wote wawili au awaache, sitaki maneno, na kama ana methali ya jambo hili abaki nayo.

Lakini najua kwamba yule ni mama yako, na unafungua mlango unakuta ukuta. Mvua za vuli ziko karibu, na kwa kushikwashikwa ameanza kuanguka tena, safari hii begani. Nimevunja mayai nimtengeneze kama zamani, nikayaacha. Unga wake nimeuweka kwenye bakuli, nimeufunika. Mzee amesema aitwe mwenye kupaka. Panda lori la Shaaban, uje na Tomaso, mkae na bibi yake siku mtakazotaka. Njoo na mlenda wako, mimi sijui ni upi unaoshika. Bega litengeneze utakavyo, shavu pia.

Mdomo usiuguse.

Nashoni wa Nyangi